Rangi ya Binti Mfalme

Barua ilifika Jumatatu, na kufikia Jumanne asubuhi Emerensiana alikuwa ameshaisoma mara tano, ingawa haikuzidi mistari minane. Isakwisa, shemeji yake, alikuwa mtu wa maneno machache hata zamani alipokuwa karani wa kilimo hapa Sumbawanga. Aliandika kwamba Jumamosi angepita na gari la ofisi yao ya Mbeya. Amesikia maisha ya huku yamekuwa magumu, hakuna sabuni, hakuna nguo, naye hapendi mwanawe adhoofike. Angekuja na mkewe mpya, ili Kristiana amzoee mama yake, na Januari mtoto angeanza darasa la kwanza Mbeya.

Neno lililomchoma Emerensiana lilikuwa hilo la kudhoofika. Alilirudia huku akifagia uwanja, akalirudia huku akipepeta maharage, mpaka likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwamba Kristiana ni mtoto wa Isakwisa, hakuna aliyebisha. Mahari ilikuwa imetolewa, ndoa ilifungwa kanisani. Lakini Epifania, mdogo wake Emerensiana, alifariki siku ileile aliyojifungua, mwezi wa Novemba mwaka wa sabini na nne, na jioni yake Isakwisa alimweka kichanga mikononi mwa Emerensiana akasema, "Nitunzie, shemeji." Kisha akahamishiwa Mbeya. Emerensiana hakuwa na mtoto wa kwake. Mumewe alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia akiwa kijana, na hakuna barua iliyowahi kusema kama yu hai. Miaka saba alikuwa amelala na Kristiana kitanda kimoja, magoti ya mtoto yakimkaba mgongo wakati wa baridi ya Juni, na asubuhi mtoto akiamka alimwita mama.

Pale mtaani Katandala Emerensiana alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni usafi. Silvana, jirani yake, alipenda kusema kwamba hata vumbi likifika mlangoni kwa Emerensiana linapiga hodi kwanza. La pili ni kupamba. Altare ya Pasaka aliipamba yeye, na arusi haikukamilika bila yeye kuitwa siku mbili kabla, aje na beseni lake na mkasi wake. Karatasi za maua zilipopotea madukani baada ya vita vya Uganda, wapambaji wengine waliacha kazi. Yeye alianza kutengeneza maua kwa maganda ya mahindi. Aliyalainisha kwa maji ya uvuguvugu, akayachana, akayakunja petali kwa petali na kuyafunga kwa uzi wa katani, na mtu akiyaona toka mbali angeapa ni yungiyungi.

Kwa hiyo alipokwisha kulia alifikiri kama mpambaji. Jumamosi hiyo, tarehe ishirini na nane, Kristiana angetimiza miaka saba. Siku hiyo haikuwahi kusherehekewa, maana ilikuwa pia siku ya kifo cha mama yake. Kila mwaka walikwenda misa, wakarudi, wakala kimya. Safari hii pangekuwa na sherehe. Isakwisa ashuke garini aone kwa macho yake mtoto asiyepungukiwa kitu, anayeng'aa, anayependwa na mtaa mzima. Baba gani angemng'oa mwanawe mahali kama hapo? Ndivyo Emerensiana alivyojiambia, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kuamini, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuamini.

"Unataka sherehe ya namna gani?" alimuuliza mtoto.

Kristiana hakufikiri hata kidogo. "Ya binti mfalme."

Mtawa wa chekechea alikuwa amewasimulia habari za binti wa mfalme aliyekaa kwenye nyumba ndefu kuliko miti, mwenye mashavu ya rangi na pete kwenye kila kidole. Tangu siku hiyo Kristiana alikuwa akitembea na ungo kichwani.

Jumatano, Emerensiana alishuka kijitoni na kapu, akachimba udongo mweupe. Alipaka ukuta wote wa mbele, kisha akauchora kwa udongo mwekundu na masizi. Hapo kwenye nyumba ndefu ya mfalme alikwama. Hakuwahi kuona jumba la mfalme. Kitu kirefu alichowahi kukiona, ukiondoa mnara wa kanisa, ni yale matanuri ya zamani ambayo wazee wa Kifipa walikuwa wakiyeyushia chuma, yaliyobaki yamesimama porini, marefu kuliko mtu, yenye matundu chini. Basi akachora tanuri, akaliwekea madirisha na bendera.

Urbano, balozi wa nyumba kumi, alipita akasimama, mikono nyuma.

"Ndugu Emerensiana. Hiki ni nini?"

"Ni jumba la mfalme, ndugu Balozi."

"Mfalme yupi?"

"Wa hadithi. Kristiana anatimiza miaka saba, anataka kuwa binti mfalme."

Urbano alikohoa kama mtu anayefungua mkutano. "Wafalme tuliwaondoa. Watemi tuliwaondoa. Nchi hii ina wakulima na wafanyakazi. Hawezi kuwa binti wa mkulima bora?"

"Binti wa mkulima bora ni kila siku, ndugu Balozi. Jumamosi moja tu apumzike."

Urbano alijitahidi asicheke, akashindwa. Alikitazama kile kichaka cha maua makavu kando ya mlango. "Na taji? Taji la maganda?"

"Sina kitu kingine."

Kesho yake asubuhi alileta bahasha kuukuu. Ndani yake mlikuwa na karatasi za fedha za pakiti za sigara, zimenyooshwa moja moja kwa ukucha, zaidi ya arobaini. "Usiseme zimetoka kwangu," alisema. "Mke wangu anajua niliacha kuvuta mwaka jana."

Gauni lilikatwa kutoka gauni la arusi la marehemu Epifania. Emerensiana alilitoa sandukuni, akakaa nalo mapajani muda mrefu kabla ya kushika mkasi. Lilitosha gauni moja la mtoto na kipande cha shela. Akamvalisha, akamfundisha na kukaa: kidevu juu, mikono magotini, wala usiseme neno mbele ya wageni mpaka uulizwe.

"Hata nikiwashwa?"

"Binti mfalme hawashwi."

Kilichobaki ni rangi. Maua yote yalikuwa meupe kama ya maziko, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyotaka kukiri. Ijumaa asubuhi Silvana alimletea chupa ndogo ya kahawia, nusu yake imejaa. Ilikuwa GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, iliyobaki tangu wanawe walipougua midomo.

"Matone matatu tu kwenye maji, mama Kristi," alisema Silvana. "Ukizidisha utazambarisha mpaka mbuzi."

Na kweli, matone matatu yaligeuza beseni zima. Emerensiana alitumbukiza maua, akayatoa yamekuwa na rangi ambayo Katandala haikuwahi kuiona kwenye kitu kisicho kidonda. Aliyapanga juani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alijisikia kuimba.

Mchana zikaja habari kwamba sukari imefika duka la ushirika. Bila sukari hakuna maandazi, na maandazi ndiyo yangepangwa kuwa mnara wa keki. Foleni ilishapita kona. Emerensiana aliiweka chupa juu ya kabati, akamwambia Kristiana, "Usitoke. Usiguse maua, hayajakauka." Hakumwambia asiguse chupa, kwa sababu ilikuwa juu, na kwa sababu hakuna mtoto anayeipenda dawa ile. Wote huikimbia wakilia.

Alirudi saa kumi na nusu na kilo moja. Mlangoni alimkuta Kristiana amesimama juu ya kigoda, kidevu juu.

"Mama, tazama. Sasa nimekuwa kweli."

Alikuwa amejipaka midomo, yote, mpaka nje ya mstari wa midomo. Mashavuni alikuwa amejitia madoa, makubwa matatu huku na matatu huku, na mengine kwenye paji la uso kama vito vya taji. Kila kidole kilikuwa na pete ya zambarau. Kwenye vifundo vyote viwili vya mikono alikuwa na bangili.

Emerensiana aliacha sukari ianguke. Hakuna mtu wa nchi hii ambaye angetazama uso ule akaona vito. Angeona kile alichokiona yeye: mtoto wa vidonda, mtoto wa upele, yule anayerudishwa kutoka zahanati amepakwa madoa ya dawa uso mzima, ambaye mama yake hakumwogesha.

"Nani amekwambia!" alipiga kelele, na mtoto, aliyekuwa akingoja kusifiwa, akaanza kulia.

Alimwosha kwa kipande cha mwisho cha sabuni, mpaka kikaisha mkononi kama pipi. Povu likawa zambarau, na ngozi ikabaki vilevile. Alikamua ndimu. Alitumia majivu, akatumia mafuta ya taa, mwishowe akachukua lile jiwe la kusugulia nyayo. "Mama, inauma," alisema Kristiana. "Mama, basi. Sitaki tena kuwa binti mfalme." Emerensiana alisikia, na mkono wake haukusimama. Jumamosi ilikuwa imebakiza usiku mmoja tu na yeye alikuwa akisugua.

Silvana alisikia kilio akaja mbio. Alipofika mlangoni akashika kifua. "Yesu wangu! Amepatwa na nini tena?" Hata yeye, mwenye chupa, kwa dakika moja aliamini mtoto anaumwa. Alipoelewa alimshika Emerensiana mkono uliokuwa na jiwe. "Acha, dada. Acha, unamchuna. Ile haitoki. Wangu alikaa nayo siku tisa, na alikuwa akioga."

Emerensiana akaacha. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu pembeni mwa madoa, yamevimba, mahali pawili pametoa majimaji. Sasa yalikuwa na vidonda kweli.

Jumamosi mawingu yaliinuka mapema upande wa ziwani. Watoto kumi na wawili wa mtaa walifika wamepakwa mafuta, wakakaa kwenye mikeka wakiutazama mnara wa maandazi. Silvana alileta mtungi wa togwa. Urbano alifika na shati la mikutano. Kristiana alikuwa ndani, amevaa gauni na taji la karatasi za sigara, shela limeshushwa usoni. Emerensiana alikuwa amemwambia asitoke mpaka aitwe, na moyoni alikuwa anaomba gari lichelewe, au libadilishe njia, au mvua ifunge barabara ya Tunduma wiki nzima.

Landrova ilifika saa sita kasoro. Isakwisa alishuka wa kwanza. Alikuwa amenenepa kidogo. Nyuma yake alishuka mkewe, Atuganile, mwanamke kijana mwenye uso mpole, amebeba kitoto cha miezi miwili, Suma.

"Shikamoo, dada," alisema Atuganile, akapiga goti.

"Marahaba. Karibuni."

Isakwisa alisimama uwanjani akatazama. Alitazama ukuta mweupe na lile jumba la ajabu. Alitazama maua yaliyozunguka mlango, yaliyopanda juu ya paa na kushuka tena, mia na zaidi, ya zambarau. Alitazama watoto safi. 

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "watu walinidanganya. Walisema mmechoka huku. Kumbe mwanangu amekaa pema namna hii." Akavua kofia. "Umemlea vizuri. Mungu atakulipa. Sasa upumzike, mzigo wako umekwisha. Mlete tumwone, halafu afungashe. Dereva anaogopa mvua."

Emerensiana alisimama palepale. Wiki nzima alikuwa amejenga hoja yake kwa udongo na maganda, na hoja imekubaliwa, na kwa sababu imekubaliwa mtoto anaondoka. Hakuna alichosahau kupamba. Alikuwa amepamba kuaga kwake mwenyewe.

"Kristiana," Isakwisa aliita. "Njoo, mama, baba amefika."

Mtoto akatoka. Alitembea polepole, kidevu juu, akasimama kizingitini. Upepo ulioitangulia mvua ukainua shela.

Watoto kwenye mikeka wakasogeleana. Atuganile alirudi nyuma hatua mbili, akavuta kanga juu ya uso wa kitoto chake.

"Shikamoo, baba," alisema Kristiana.

Isakwisa hakuitikia. "Shemeji. Mtoto ana nini?"

Jibu la kweli lilikuwa jepesi, na Emerensiana alikuwa nalo mdomoni. Ni rangi. Ni ya maua haya haya, alijipaka, ni utundu wa mtoto. Wangecheka wote, Urbano zaidi ya wote. Heshima yake ingerudi pale pale. Na kicheko kikiisha, mlango wa gari ungefunguliwa. Aliutazama mkono wa Atuganile, jinsi ulivyoibana ile kanga.

"Ni vidonda," alisema.

Silvana, aliyekuwa akimimina togwa, aliinua kichwa.

"Vidonda gani?"

"Vilianza mdomoni. Sasa vimekwenda usoni na mikononi."

"Vinaambukiza, dada?" aliuliza Atuganile. 

"Wanasema vinaambukiza."

Silvana alifungua mdomo. Macho yao yakakutana. Akaufunga, akarudi kumimina, na togwa ikamwagikia nje ya kikombe.

"Mama, si nili..." alianza Kristiana. Emerensiana alimwekea mkono begani, akambana. Mtoto alikumbuka alivyofundishwa. Akanyamaza, kidevu juu, mbele ya wageni.

"Baba Suma," Atuganile alimwambia mumewe, "mimi simkatai mtoto. Nimemshonea hata sare. Lakini huyu wangu hajachanjwa bado, na ni siku nzima ndani ya gari. Tumwache apone."

"Basi nimpeleke hospitali nikiwa hapa hapa."

"Ameshapelekwa," alisema Emerensiana haraka. "Si unaona dawa?"

Dereva alipiga honi. Isakwisa alirudisha kofia kichwani. Alimsogelea mtoto mpaka ikabaki hatua moja, akanyoosha mkono, kisha mkono ukaishia kwenye hewa na kurudi mfukoni. Alipomgeukia Emerensiana hapakuwa na upole tena.

"Unapaka kuta," alisema. "Unafunga maua mpaka juu ya paa. Na mtoto anaoza. Na mimi mjinga nasimama hapa nakushukuru."

Emerensiana aliinamisha kichwa. Hakuna tusi ambalo lingeweza kumpata pabaya zaidi ya hilo, na hakujitetea. Walishusha begi la sare na jozi ya viatu, wakaondoka.

Urbano alikuwa wa kwanza kusema. "Watoto, nyumbani. Maandazi yaacheni hapo hapo. Mikono mkaoshe." Hakumtazama Emerensiana usoni. "Ungetuambia, ndugu. Una watoto wa watu kumi na wawili hapa." Watoto waliondoka wakigeuka nyuma, na mvua ikaanza. Ilishuka juu ya mikeka na juu ya mnara wa maandazi. Ilipiga maua, na maua yakaanza kuchuruza, mistari ya zambarau ikashuka juu ya ukuta mweupe mpaka chini.

"Mama," aliuliza Kristiana ndani, taji likiwa bado kichwani, "mimi naumwa?"

"Huumwi."

"Kwa nini ulimwambia baba naumwa?"

Emerensiana alikuwa akimfungua vifungo vya nyuma. Alivifungua vyote, kimoja kimoja, kisha akamvua taji.

Rangi ilikaa siku kumi na moja. Kwenye chekechea Kristiana alikaa benchi la peke yake. Altare ya Majilio ilipambwa na mtu mwingine. Paroko alimwambia Emerensiana apumzike kwanza, amwuguze mtoto. Silvana bado alikuja, lakini alizungumza habari za mvua tu, na siku moja akiwa anaondoka alisema bila kugeuka, "Nilikusaidia kunyamaza mara moja, dada. Usiniombe tena."

Siku tatu kabla ya Noeli ikaja barua nyingine ya Isakwisa. Tadei, dereva wa lori la mbolea, mtu mwaminifu, angepita Alhamisi asubuhi akirudi Mbeya. Mtoto akiwa amepona, apande naye. Akiwa bado, Tadei amwone kwa macho yake, alete jibu.

Alhamisi Emerensiana aliamka kabla ya jogoo. Alimwogesha Kristiana, akamkausha, akamtazama kwenye mwanga wa mlango. Ngozi ilikuwa imerudi safi. Hata pale jiwe lilipokuwa limechuna pamepona, limebaki baka dogo tu chini ya jicho. Alikuwa mtoto mzuri, aliyelelewa vizuri. Mtu yeyote angeona.

Kutoka barabara kuu lilisikika lori likibadilisha gia mlimani.

Emerensiana alinyoosha mkono juu ya kabati. Chupa ilikuwa bado na robo. Aliitikisa, akafungua kizibo, akafunga pamba kwenye kijiti. Tone likaangukia sakafuni, na yeye, ambaye hakuwahi kuacha doa sakafuni kwake, hakulifuta.

Kristiana alimtazama. Hakuuliza kitu, wala hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akainua kidevu.